Siku moja na chemchemi zilizopanda mlima

Saa 12:15 asubuhi. Mlima umefunguka. Kutoka uani kwetu hapa Moshi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yote inaonekana, nyeupe kidogo tu kwenye ukingo. Huwa nauangalia kila siku kwa sababu ya kazi, uzuri wake nimeshauzoea. Satelaiti za Sentinel-2 hutupigia picha za bure, kila pikseli mita 10 kwa 10, na zikiwa mbili hurudi kila baada ya siku 5. Tatizo ni kwamba hupita kwenye saa 5 asubuhi, na saa hiyo mlima mara nyingi umeshajifunika. Mwezi mzima unaweza kukusanya picha safi kabisa za mawingu.

Saa 2:00. Kazini. Natengeneza ramani, na mteja wangu wa sasa ni mtafiti wa maji. Anataka kujua chemchemi zipi za Uru bado zinatoa maji, zipi zimekauka, na mifongo ipi inazitegemea. (Kwa wasio wa huku: mfongo ni mfereji wa jadi uliochimbwa kwa mkono, unaoteremsha maji mpaka kihambani, yaani shamba la nyumbani.) Kijana mmoja alipewa kazi ya kunakili namba za mahali pa kila chemchemi kutoka karatasi ya zamani ya ramani, ile ya 1:50,000, akaziingiza kwenye Excel, kisha kwenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani. Leo nimezifungua humo juu ya picha ya satelaiti. Zimekaa migongoni. Chemchemi ziko juu ya mgongo, na bonde liko pembeni linazitazama.

Nikadhani kaandika ovyo. Lakini mtu akiandika ovyo hukosea moja hapa, moja kule. Hizi zote 63 zimehama pamoja kama harusi: mita 300 hivi kaskazini, mita 90 hivi magharibi. Huku kwetu kaskazini ni mlimani na mabonde yanashuka kusini, kwa hiyo zile 300 zimezipandisha mlima, na zile 90 ndizo zilizozitoa bondeni.

Nikamjua mchawi. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, yaani makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu. GPS na picha za satelaiti zinafuata makubaliano mengine, WGS84. Namba ni ileile, ardhi inayoangukia siyo ileile. Kijana hakukosea hata tarakimu moja. Kompyuta ilipomuuliza namba zake ni za mfumo gani, alikubali jibu lililokuja lenyewe. Simcheki, mimi niliwahi kuliweka kanisa katikati ya mto, na ramani ikachapwa.

Dawa yake ni sekunde chache. Unaiambia QGIS kwamba namba ni za 21037 (msimbo wa Arc 1960), siyo 32737 (wa WGS84), na chemchemi zinateremka zenyewe. Kuujua ugonjwa ndiko kulikonila asubuhi.

Saa 5:30. Hiace ya Uru, kisha miguu. Kuteremka kwa chemchemi kwenye kioo hakutoshi, lazima nione maji.

Saa 6:45. Babu anayetuongoza alikuwa msimamizi wa mfongo miaka mingi. Tumeingia bondeni chini ya migomba, na GPS inaniambia huenda imekosea kwa mita 12.

"Mjukuu wangu, hicho kidude kinamuuliza nani njia?"

"Satelaiti, babu. Zisipungue nne: tatu za kujua mahali, moja ya kurekebisha saa yake."

"Na humu shimoni zinaonekana?"

Sikuwa na jibu zuri. Tukasubiri, nikachukua wastani wa dakika kumi. Chemchemi ya kwanza iko mita 14 kutoka ilipo kwenye ramani iliyorekebishwa. Kwa karatasi ambayo milimita moja ni mita 50, hiyo ni heshima kubwa. Ya pili ipo, na kina mama wanachota. Ya tatu ni mawe makavu na mti wa msesewe. Babu anasema imekauka tangu kitindamimba wake alipoanza shule. Ya nne haimo kwenye ramani yoyote, nami karibu niikanyage.

Babu haelekezi kwa kaskazini na kusini. Ni juu na chini. Hapa Uru lugha yake inakubaliana na ramani bila taabu, maana juu ni mlimani na mlimani ni kaskazini. Ukienda Rombo, juu ni magharibi, na ukiwa mzembe utageuza kijiji kizima.

Saa 9:00. Mtori, na moto hasa.

Saa 11:00. Umeme ulikatika, ukarudi.

Saa 1:30 usiku. Nimeongeza safu mpya kwenye jedwali, "datamu", nikaijaza mistari yote 63 ili atakayekuja asipandishe tena. Mstari wa 64, ile chemchemi ya nne, una kila kitu isipokuwa jina. Babu alinipa moja, jirani yake akalikataa akatoa jingine, tukaondoka wakiwa bado wanabishana. Nimempigia babu sasa hivi. Anasema nisiandike kitu kwanza, kesho atamuuliza dada yake mkubwa.