Nanosekunde nne

Juzi mtoto wa dada kaniuliza, anko, hii kalamu ya kung'aa ukizima taa mwanga wake unaenda wapi? Nikamwambia unaisha haraka mno, jicho haliuwahi. Akaridhika akaenda kucheza, mimi ndo nikabaki nawaza kile kiboksi tulichojiundia, cha kupima huo muda mng'ao unaochukua kuisha.

Shida ilikuwa bei, si mnajua. Mashine nyingi za kupima huo muda zinapiga leza kwa mapigo mafupi sana halafu zinahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja, na karibu kila kipande ndani ni ghali. Sisi tukaenda na fezi, yaani wimbi moja limechelewa kiasi gani nyuma ya jingine: dayodi ya leza, kile kipande kidogo kinachotoa mwanga, unaifanya iongeze na kupunguza mwanga mara milioni 40 kwa sekunde, dai, yaani ile rangi inayong'aa, nayo inafuata mdundo uleule ila inachelewa, na huko kuchelewa ndo jibu lenyewe. Njia ya zamani hii, mwanafizikia Enrique Gaviola aliitumia Berlin 1926, ila siku hizi sensa ya mwanga hafifu inakaa kwenye ncha ya kidole.

Usiku ule tukaanza na maji yenye tone la maziwa, hayo yanatawanya mwanga papo hapo, ndo sifuri yetu. Kisha nikaweka fluoresini, dai ambayo muda wake unajulikana. Wimbi kwenye skrini likasogea, likatulia jirani na digrii 45 za kuchelewa, na kwa mdundo wetu wa megahezi 40 hiyo ni nanosekunde 4 (nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni), fluoresini yenyewe! Mwenzangu hakusema kitu, akamimina bafa, maji yanayotunza kiwango cha asidi kisibadilike, dai ikapauka, akamimina tena na tena mpaka kwa macho ikawa kama maji matupu, na mimi sibandui macho kwenye skrini, wimbi linazidi kushuka kimo, linachafuka kwa kelele, lakini halisogei. Mng'ao umepungua, muda uko vilevile. Vitabuni nilishaisoma hiyo, ila kuiona inatoka kwenye vipande tulivyochomelea wenyewe, mikono ilinitetemeka.

Baada ya hapo ni mambo ya joto tu, dayodi ikipata moto fezi inahama, basi tukawa tunapima maziwa kabla ya kila sampuli, tukamaliza, kila mtu akashika njia yake.

Ninachokiamini ni kwamba kifaa cha bei ndogo kiulizwe maswali machache kiyajibu vizuri, ingawa sina uhakika kama hiyo inatosha. Dai ya nusu nanosekunde kwa mdundo ule inakupa kama digrii 7 tu, ukipandisha mdundo unahitaji sensa ya kasi zaidi na saketi za kuimudu, na hapo bei inaanza kupanda tena.