Bibi Yake Amekuwa Swali la Usalama

Fomu ya upekuzi ya serikali ya Marekani, ile inayojulikana kwa jina la SF-86, ilimtaka binti yangu aeleze ni lini alikutana na bibi yake kwa mara ya kwanza. Haikuishia hapo. Ilitaka kujua wanawasiliana kwa njia gani na mara ngapi, uhusiano wao ni wa namna gani, bibi ameajiriwa na nani, na kama ana mafungamano yoyote na serikali, jeshi au idara ya usalama ya nchi ya kigeni. Nchi ya kigeni hapo ni Tanzania, na bibi mwenyewe ni mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye siku hizi hana mafungamano na chombo chochote isipokuwa kwaya ya kanisa. Hata pensheni yake ilitufanya tusite: je, mtu anayelipwa kila mwezi na serikali ya kigeni anaweza kusemwa kuwa hana uhusiano nayo? Nilikuwa nimeketi kando ya binti yangu alipokuwa akijaza, na damu ilinichemka.

Anajaza fomu hiyo kwa sababu yeye ni kapteni katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na ameomba kuhamia fani ya maafisa wanaobobea katika maeneo mbalimbali ya dunia, fani ambayo jeshi hilo huitambua kwa namba 48 na ambayo tawi lake la Afrika kusini mwa Sahara hupewa herufi J. Katika fani hiyo hupatikana waambata jeshi wengi wanaopelekwa kwenye balozi za Marekani. Mwambata hawezi kufanya kazi bila ruhusa ya kuona nyaraka za siri za daraja la juu kabisa, na ruhusa hiyo huanzia kwenye fomu, kisha huja wapelelezi wanaokwenda kwa majirani, kwa waliokuwa wakubwa wako wa kazi na kwa marafiki uliowataja, wakilinganisha maneno.

Nilipowaeleza ndugu nyumbani, baadhi yao walidhani mtoto anakwenda kulinda geti la ubalozi, na wengine walishusha sauti wakauliza kama amekuwa jasusi. Wale wa kwanza wamechanganya kazi mbili. Askari wenye sare unaowakuta ndani ya mlango wa ubalozi wa Marekani ni wa kikosi cha Marine, wengi wao vijana wa vyeo vya chini waliopata mafunzo ya kazi hiyo Quantico, Virginia, na kazi yao ni kulinda watu na nyaraka. Mwambata jeshi halindi mlango wowote. Yeye kwa kawaida ni luteni kanali au kanali, anamshauri balozi katika mambo ya kijeshi, analiwakilisha jeshi la nchi yake mbele ya jeshi la nchi mwenyeji, na anaandika taarifa za anachokiona na anachoambiwa.

Walioshusha sauti hawakuwa mbali sana na ukweli, ila wamepotea mahali penye uzito. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia inautambua waziwazi wajibu wa ubalozi wa kufahamu hali ya nchi mwenyeji na kuitolea taarifa, mradi ifanyike kwa njia halali. Mwambata huhudhuria gwaride kwa kadi ya mwaliko, akiwa na sare na jina lake kifuani, na wenyeji wanajua fika kwamba jioni ataandika alichokiona. Wapo waliouvuka mpaka huo. Mwaka 1894 karatasi iliyochanwachanwa, iliyotoka kwa mwambata jeshi wa Ujerumani mjini Paris, Maximilian von Schwartzkoppen, iliwafikia Wafaransa kupitia kwa mwanamke aliyekuwa akifanya usafi ubalozini, na kutokana na karatasi hiyo Kapteni Alfred Dreyfus wa jeshi la Ufaransa, ambaye hakuwa na hatia, akahukumiwa kwa uhaini. Hapahapa Washington, Franz von Papen, naye mwambata jeshi wa Ujerumani, alitakiwa aondoke mwishoni mwa 1915 kwa kuhusishwa na njama za hujuma. Meli yake ilipotia nanga Falmouth, Uingereza, Waingereza walimwacha mwenyewe aendelee na safari lakini wakachukua vishina vya vitabu vyake vya hundi, ambavyo vilionyesha aliokuwa akiwalipa. Mtu huyohuyo, mwaka 1932, akawa Kansela wa Ujerumani. Siasa ina mambo yake.

Sasa niseme kilichoniudhi hasa. Naishi kaskazini mwa Virginia, na riziki yangu ni kufundisha watu wazima Kiswahili, wakiwamo maafisa wanaojiandaa kwenda kazini Afrika Mashariki. Kwa makadirio ya chuo cha serikali kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, Mmarekani huhitaji takribani wiki 36 za masomo ya kutwa ili afikie kiwango cha 3 cha Kiswahili, katika kipimo kinachoanzia 0 hadi 5. Muda wote huo afisa anaendelea kupokea mshahara wake kamili, na kazi yake ni kunisikiliza mimi. Sina ugomvi na wanafunzi wangu. Yupo meja mmoja ambaye kila tukiigiza mazungumzo na mnadhimu mkuu wa jeshi mwenyeji alikuwa akiparamia ombi lake kabla hata ya kumjulia hali mzee, nikawa namsimamisha na kumrudisha mlangoni aanze upya, mpaka akajua kukaa, kuuliza habari za familia, kuitikia, na kuliacha ombi lije kwa wakati wake. Amefuzu vizuri. Lakini Kiswahili alichokipata meja huyo kwangu kinaandikwa kwenye jalada lake kuwa ni sifa, na Kiswahili alichokipata binti yangu kwa bibi yake kinakuja na kurasa za maswali. Serikali inalipa ili mtu asiye na mzee wa kumwamkia afundishwe kuamkia, na aliyekuwa naye tangu utotoni anatakiwa ajieleze.

Swali la fedha ndilo lililotukalisha hadi usiku. Fomu inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu ambaye si raia wa Marekani. Nani kati yetu tulioko huku anaweza kujibu hapana? Kuna ada, kuna matibabu, kuna michango ya misiba na harusi, na kuna zile za ghafla zinazoombwa saa nane za usiku kwa saa za huku. Ilibidi afungue programu ya kutumia fedha kwenye simu na kupitia miamala mmoja baada ya mwingine, akiandika jina la mpokeaji na kiasi, na kila tulipokuta jina ambalo si la ndugu, kwa sababu fedha ilipitishwa kwenye simu ya jirani, tulimpigia shangazi yake kuuliza ilikuwa ya nani na ya shughuli gani. Shangazi naye akawa na wasiwasi, akauliza kama tunadai tulipwe.

Siku chache baadaye nilivisoma vigezo vyenyewe vya kutoa ruhusa ya siri, na hapo sina budi kuwa mkweli. Vipo 13, vinatumika tangu 2017, na kimoja kinahusu ushawishi wa kigeni. Kigezo hicho hakisemi kwamba mwenye ndugu nje amekataliwa. Kinauliza ndugu hao wako nchi gani, wanafanya kazi gani, na kama kuna mtu anayeweza kuwatumia kukubana wewe. Swali hilo si la kipuuzi. Mwambata anayekaa meza moja na majenerali wa nchi ambako shangazi zake wote wanaishi anaweza kubanwa kwa namna ambayo meja wangu hawezi. Na Mkataba wa Vienna nao umeliona jambo hili kutoka upande wa pili: ibara ya 7 inairuhusu nchi mwenyeji kudai iletewe jina la mwambata mapema ili ilikubali au ilikatae, na ibara ya 38 inampunguzia kinga mwanadiplomasia ambaye ni raia wa nchi mwenyeji au mkaazi wake wa kudumu, akabaki na kinga kwa yale tu anayoyatenda rasmi kikazi. Mkenya mwenye uraia pacha akipelekwa Nairobi kwa niaba ya Marekani angekumbana na ibara hiyo siku ya kwanza. Sisi Watanzania, ambao tukiapa kwa hiari uraia wa nchi nyingine tukiwa watu wazima tunaupoteza wa kwetu, hatuna tatizo hilo. Tuna jingine, na mnalijua.

Lipo pia jambo ambalo wazazi wenzangu hawapendi kulisikia. Watoto tuliowalea huku wanaongea Kiswahili cha nyumbani, na hicho hakitoshi. Nilimpa binti yangu hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa aisome kwa sauti. Alisoma kama mtangazaji, lakini nilipomuuliza aya hiyo imesema nini kuhusu fungu la maendeleo na fungu la matumizi ya kawaida, alinyamaza. Mtihani wa lugha wa jeshi hupima kusoma na kusikiliza kila kimoja peke yake, na kwa kawaida maafisa wa fani hii hutakiwa angalau kiwango cha 2 na kuhimizwa wafike 3. Kwa hiyo nyumbani kwangu sasa kuna darasa la jioni lisilolipiwa.

Akipita upekuzi, safari bado ni ndefu: lugha, ambayo jeshi hufundisha zaidi Monterey, California, kisha muda wa kuishi na kusafiri katika eneo analobobea, kisha shahada ya uzamili, yote hayo huweza kumchukua miaka mitatu au minne kabla ya kupangiwa ubalozi wa kwanza. Wanaoteuliwa kuwa waambata hupitia pia chuo cha waambata cha idara ya ujasusi wa kijeshi, mjini Washington, ambako wanafunzwa kuandika taarifa, kujilinda, na kuendesha ofisi ndogo iliyo mbali na makao makuu. Wenzi wao wa ndoa nao huhudhuria, kwa sababu dhifa na kupokea wageni ni sehemu ya kazi, na nyumba ya mwambata haina milango ya faragha sana. Na baada ya yote hayo anaweza kupangiwa nchi inayozungumza Kifaransa au Kireno, Kiswahili chake kikabaki cha kuongea nami.

Vijana wanaoniandikia kuomba niwaunganishie, someni taratibu. Hakuna mtu wa kukuunganishia, na anayekuuzia nafasi ya jeshi la Marekani ni tapeli. Askari wa kawaida anaweza kuandikishwa akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, lakini afisa lazima awe raia, na nyaraka za siri ni za raia. Mpango ulioidhinishwa mwaka 2008, uliowachukua wenye viza za muda wanaojua lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwamo, ulisimamishwa 2016, kwa hiyo wanaoutaja mpaka leo wanawapotosha. Aliyekwisha kupata kadi na hataki kuacha kazi yake aangalie Walinzi wa Taifa wa majimbo (National Guard), ambao wengi wao hutumikia kwa muda tu, kwa maana Massachusetts ina ushirikiano na jeshi la Kenya tangu 2015, na Nebraska na jeshi la Tanzania tangu 2022. Ofisi za waambata hazina makanali peke yao. Wapo pia maafisa wateule na masajini wanaotunza mahesabu, magari na majalada, na kwa mtu aliyeanza jeshi bila shahada njia hiyo iko karibu zaidi. Uingereza nako raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, wanaruhusiwa kuomba kujiunga na jeshi, ingawa kazi nyeti zina masharti ya uraia na ya miaka ya ukaazi.

Na kwa aliyeko nyumbani, ambaye kwa kweli anachokitaka ni uambata wenyewe, si viza, sioni kwa nini aanzie huku. Majeshi yetu yana waambata katika balozi zetu, Washington ikiwamo, na njia yao ni ya kueleweka: kwa Watanzania ni Monduli kwa uafisa, Duluti kwa ukamanda na unadhimu, Kunduchi kwa wakubwa, na Chuo cha Diplomasia Kurasini kipo tangu 1978 kwa anayetaka kuielewa itifaki mapema. Wakenya wana Karen, Waganda wana Kimaka, Jinja. Wakenya wanaowaza kuchukua uraia wa pili kwanza halafu warudi kuitumikia KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, waisome ibara ya 78 ya Katiba ya 2010, ambayo inamkataza mwanajeshi kuwa na uraia pacha, na waisome kabla ya kuinua mkono kuapa.