Mkanda kwanza, kiatu baadaye: nilivyokuza kazi yangu ya ngozi Tabora

Kila nikisikia kijana anaambiwa "anza na viatu vya ngozi, viatu ndiyo vina hela", natamani nimlete hapa kwenye fremu yangu Tabora mjini aangalie ukuta. Ukutani kuna mikanda, ala za panga, vifuko vya simu vya kiunoni na pochi. Hivyo ndivyo vilivyonitoa kwenye kigoda chini ya mwembe, ambako nilikuwa nashona na kung'arisha viatu vya watu, hadi kuwa na chumba chenye meza ya kukatia na mafundi wanaolisha familia zao kwa kazi hii. Viatu nilivianza kwa kushauriwa, na vilinichelewesha sana.

Ushauri wenyewe niliupata kwenye semina ya ujasiriamali. Mwezeshaji alituonyesha picha za makubazi mazuri, akapiga hesabu ubaoni: ngozi kiasi hiki, soli kiasi hiki, gundi, uzi, faida hii hapa. Hesabu ya jozi moja ilikuwa sahihi kabisa. Hakutuambia kwamba mteja haji kununua jozi moja ya ubaoni. Anakuja na mguu wake.

Hebu fikiria. Namba 36 hadi 45 ni namba 10. Weka rangi mbili tu, nyeusi na kahawia, tayari unatakiwa uwe na jozi 20 mezani kabla hujaongeza hata mtindo wa pili. Anakuja mtu anataka 41 ya kahawia. Unayo 41 nyeusi, unayo 42 ya kahawia. Anaijaribu ile 42, anatembea nayo hatua mbili, anasema "dada nitapita kesho", na kesho yake hapiti. Soli zilitoka Dar, na kalibu za miguu (maumbo ya kushonea viatu) zilikuwa za kuazima kwa fundi aliyezitaka kila zilipopata kazi mkononi mwangu. Namba za katikati ziliisha haraka, za pembeni zikabaki zinapauka kwa jua. Mtaji wangu wote ulikuwa umelala pale juu ya turubai katika namba ambazo miguu yake haikuwepo Tabora.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mfugaji wa upande wa Igunga, aliyekuja mjini kwa shughuli zake. Nilimwamkia, akaitikia, akavua mkanda wake mbele yangu.

"Mwanangu, hebu uone huu. Nimeununua juzijuzi tu, unabanduka kama ganda la mhogo."

Nikauchana pembeni kwa kisu. Juu ulikuwa na utando mwembamba wa plastiki, katikati unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi, na nyuma kitambaa. Mhuri wa "ngozi halisi" ulikuwepo vilevile. Nilikuwa na kipande kirefu cha ngozi ya mgongo kilichobaki kwenye kukata makubazi. Nikakinyoosha, nikampima kiunoni, nikahamishia bizimu (chuma cha kufungia) la mkanda wake wa zamani, nikatoboa matundu. Alilipa bila kupunguza bei. Aliporudi mjini alikuja na wenzake, na mmoja wao akauliza kama naweza kumshonea kifuko cha simu cha kuvaa kwenye mkanda huohuo.

Mkanda hauna namba. Hiyo ndiyo siri nzima, na sijui kwa nini haifundishwi kwenye semina. Unakata mirefu yote, mteja anasimama mbele yako, unapunguza upande wa bizimu. Matundu ni matano, umbali wa sentimita 2.5 kati ya moja na jingine, na tundu la katikati ndilo la kiuno chake cha leo, ili akinenepa au akikonda awe na pa kwenda. Hakuna unachobaki nacho kisicho na mwenyewe. Na vipande vinavyobaki pembeni vinakuwa vifuko, vishikio vya funguo na pochi.

Ila mkanda nao una masharti yake, na yote yanaanza kwenye kuchagua ngozi. Nanunua Mwanza, nyingine naagiza Moshi, na kila ninapoweza naenda mwenyewe kwa sababu picha ya simu haionyeshi kitu. Ng'ombe wetu wa kienyeji ni wadogo na wana nundu, kwa hiyo pale juu ya mabega ngozi inakuwa na sehemu iliyolegea isiyofaa kwa mkanda. Sehemu ya tumbo inavutika: mkanda wa tumbo baada ya miezi michache unakuwa mrefu kuliko ulivyouzwa. Mgongo ndio wenyewe, kuanzia nyuma ya nundu hadi kwenye mkia, ukikata sambamba na uti wa mgongo. Kisha unatafuta makovu: vidoti vya kupe, mikwaruzo ya miiba, visu vya mchunaji aliyeharakisha machinjioni (hivyo vinaonekana ukigeuza upande wa nyama), na chapa za moto. Tangu lile zoezi la kupiga chapa mifugo la 2017 nimezoea kuzikuta. Mimi chapa siikatai ikikaa mahali pazuri. Kuna wafugaji wanaoomba ala ya panga yenye chapa inayoonekana, na hiyo naiuza kwa bei ya juu.

Jambo jingine ni namna ngozi ilivyotengenezwa. Nyingi ya madukani inatengenezwa kwa kemikali ya kromu. Ukiikata, ubavuni utaona rangi ya kijivu au samawati. Ni laini, inafaa pochi na mikoba. Mkanda mzuri na ala nzuri vinataka ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama ya miwati inayolimwa Njombe. Hiyo ubavu wake ni kahawia mpaka ndani, ukidondoshea tone la maji inalinywa na panakolea rangi, na ukiisugua ukingo inang'aa. Ngozi ya kromu utasugua hadi mkono uchoke na ukingo utabaki na nywelenywele.

Na tafadhali, anayekwambia uchukue ngozi mbichi za bure buchani ukazitengeneze nyumbani, msikilize kwa adabu kisha uendelee na safari yako. Ni kweli nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ni kweli bei ya ngozi mbichi ilishuka mpaka kuna wachinjaji wanaozitupa, na inauma kuziona. Lakini kuloweka, kuweka chokaa, kuondoa manyoya, kukwangua nyama, kuitoa ile chokaa ndipo uanze magome yenyewe, ni kazi inayotaka maji mengi na mahali pa kuyamwaga. Katika nyumba ya kupanga huna. Waachie wenye viwanda.

Sasa nifike kwenye kitu ninachojivunia kuliko vyote. Ngozi ya magome inataka mafuta, la sivyo inakauka na kupasuka pale kwenye matundu. Dawa za kopo zilikuwa ghali na hazipatikani kila siku. Fundi mmoja mzee, mstaafu wa reli, aliniambia kwamba zamani matandiko ya farasi yalipakwa mafuta ya miguu ya ng'ombe. Miguu ya ng'ombe! Nikacheka kwa furaha, maana jirani na stesheni kuna mama anayeuza supu ya kongoro kila asubuhi.

Nikamwendea. "Mama, nakuomba unichemshie kongoro bila chumvi."

Akaniangalia. "Bila chumvi? Mgonjwa nani?"

"Hakuna mgonjwa, Mama. Nataka yale mafuta ya juu."

Alidhani nimepata mganga. Lakini alikubali kwa sharti nilipie miguu yote na nyama abaki nayo, maana yeye angeitia chumvi baadaye na kuiuza. Zilichemka usiku kucha kwenye moto mdogo. Asubuhi nikaengua mafuta ya juu kwa upawa, nikayarudisha jikoni taratibu hadi maji yaliyojificha ndani yakaisha kutokota, kwa sababu maji yakibaki mafuta yanaoza na kunuka. Nikayachuja kwa kitambaa cha khanga, nikayaacha kwenye chupa usiku wa kipupwe, Julai, Tabora ikiwa na baridi yake. Kulipokucha chini kulikuwa na mafuta mazito yaliyoganda na juu yale mepesi ya rangi ya dhahabu. Hayo ya juu ndiyo niliyoyataka.

Nta nayo, Tabora? Hiyo hata si ya kuhangaikia. Warina asali wa Sikonge wakishakamua, masega yanabaki, na nta wanaiuza. Nikaiyeyusha kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji (usiweke nta juu ya moto moja kwa moja, inawaka), nikachanganya na yale mafuta mpaka ikatoka dawa laini ya kuchotwa kwa kidole. Unaipaka kwa kitambaa, unaacha ngozi inywe, unafuta. Rangi inakolea, harufu ni ya asali. Wateja wanaunusa mkanda kabla ya kuuliza bei, nami nawaacha wanuse.

Nta hiyohiyo naivutia kwenye uzi kabla ya kushona. Nashona kwa sindano mbili na uzi mmoja, kila tundu la msharasi (sindano nene ya kutobolea ngozi) likipitiwa na sindano zote mbili kutoka pande tofauti. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja unaweza kufumuka wote. Huu wa mkono ukikatika tundu moja, mengine yanabaki yameshikana, hasa uzi ukiwa na nta. Kwa hiyo usione aibu kutokuwa na mashine.

Bei yangu ya mkanda ni elfu kumi na tano na kuendelea, wa bizimu zito unafika ishirini na kitu. Wa plastiki unapatikana sokoni kwa elfu tano au chini ya hapo. Nina kipande cha ule mkanda uliobanduka wa yule mzee mezani mpaka leo, pamoja na kipande changu. Mteja akisema ghali, namkabidhi vyote viwili avikunje mwenyewe. Sisemi neno.

Kukua kwenyewe kulikuja kwa watu kutumana. Fundi umeme aliyekuwa kwenye ujenzi wa reli ya SGR aliomba mfuko wa kiunoni wa koleo na bisibisi. Nikamshonea kwa ngozi nene, yeye akisimama mbele yangu kunionyesha mkono wake unapoangukia. Wenzake wakaja, na oda hizo ndizo zilizonifanya nitafute msaidizi wa kwanza. Nane Nane kwenye viwanja vya Ipuli nilipata watu wa Kigoma, ambao hadi leo natuma mizigo yao kwa basi. Januari ni mikanda ya wanafunzi. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanakuja baada ya masoko, na hao hawanunui mmoja.

Mkopo nilichukua nikiwa tayari na daftari la oda. Tuliunda kikundi cha wanawake, tukaomba kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, na fungu langu lilikwenda lote kwenye ngozi na mabizimu, kwa sababu nilijua ni nani anaisubiri. Wasaidizi nawalipa kwa kipande, ila kukata nakata mwenyewe. Kisu kikikosea kwenye mgongo, hakuna pa kurudia.

Makubazi nimeyarudia, kwa oda tu. Unakuja, unakanyaga karatasi, nachora mguu wako, unaacha nusu ya pesa.

Na kwa mnaoanza mikoa hii yetu: mvua zikianza Novemba, toeni mikanda yote kwenye mifuko ya nailoni. Ngozi ikifungiwa na unyevu inaota kuvu kijanikijani. Itundike ipate hewa, mbali na ukuta unaovuja. Kuvu ikishaota ifute kwa kitambaa kikavu nje ya chumba, ianike kivulini, kisha uipake dawa upya. Usiianike juani, itakakamaa.