Kabla ya saa nne asubuhi

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Wateja wangu wananikuta dukani kuanzia saa nne, mkasi nimeshika, futi shingoni. Ndiyo maana nikisema naumwa baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, wananijibu, "Mbona mzima wewe?" Hawajaniona alfajiri.

Adhana inanikuta macho, lakini vidole havikunjiki. Vimevimba kwenye maungio, vimekakamaa, na vya kulia na kushoto ni vilevile. Koki naifungua kwa viganja viwili. Udhu, binti yangu ananimiminia maji ya uvuguvugu kwa kopo. Kwenye sijda ndiko kuliniuma zaidi moyoni, kwa sababu uzito unaangukia viganja na vifundo vya mikono vinakataa kupinda. Sasa nasali kwenye kiti. Dini imeturuhusu, najua, ila kuweka paji la uso kwenye mswala nakukumbuka mno.

Kifuniko cha chupa ya chai lazima mtu akilegeze usiku. Mtaa mzima naushonea vifungo, lakini saa kumi na mbili asubuhi siwezi kufunga hata kimoja, kwa hiyo nimehamia kwenye madera. Halafu naingiza mikono kwenye beseni la maji ya moto, nakunja kidole kimoja kimoja taratibu mpaka vikubali.

Miaka yote nilikuwa nikiwaambia wahudumu "viungo vinauma", napewa vidonge vya maumivu. Daktari wa viungo ndiye aliyeniuliza: ukiamka, inachukua muda gani mpaka mikono ilegee? Nikamwambia, inapita saa nzima, siku nyingine mbili. Akaandika. Alinieleza kwamba viungo vikichakaa kwa umri, ugumu wa asubuhi mara nyingi huisha ndani ya nusu saa. Ukizidi saa moja, huashiria uvimbe wa ndani. Kwenye baridi yabisi hii ya kwangu, kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo, na kemikali za uvimbe hupanda usiku. Feni na kufua kwa maji baridi havikuniletea ugonjwa, ingawa majirani hawaachi kunikanya.

Kazi nimeipanga upya. Kukata kitambaa, hasa suti nzito, ni baada ya adhuhuri. Cherehani nimeifunga mota. Usiku binti ananitungia uzi kwenye sindano za rangi mbalimbali na kuzichomeka kwenye kimto, asubuhi nazikuta tayari. Kuna mteja wa nguo za harusi alinisema mbele za watu kwamba nimeanza kuringa, eti fundi gani anafungua duka saa nne. Yalinichoma sana maneno yale, kwa sababu saa hiyo mimi nimeshafanya kazi ngumu kuliko zote za siku.

Natumia methotreksati, dawa ya baridi yabisi, mara moja tu kwa wiki. Nasisitiza mara moja kwa wiki, kwa sababu kuinywa kila siku kunaweza kuua. Napewa pia asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, na damu inapimwa kuangalia ini. Dawa hii haifai kwa mjamzito, hivyo mwanamke anayetaka mtoto azungumze na daktari kabla. Haikufanya kazi upesi. Wiki zilipita kwanza. Sasa kuna asubuhi vidole vinalegea kabla chai haijapoa.

Dada yangu unayesoma hapa, kama unaamka hivi kwa wiki kadhaa, tazama saa, andika muda, nenda nao hospitali. Mafuta ya kuchua yanafariji, nami ninayo, lakini hayazuii kiungo kuliwa, na kikishapinda hakirudi kama zamani.

Nguo za Idd mwaka huu nazipokea mpaka katikati ya Ramadhani. Atakayekuja baada ya hapo nitampeleka kwa fundi mwenzangu wa jirani, na sababu nitamwambia waziwazi.