Jozi tatu za iafoni za waya, kutoka Mikindani hadi Shangani

Tangu mwezi wa Juni nimekuwa nikitumia jozi tatu za iafoni za waya, yaani visikilizio vidogo vya kuvaa masikioni, kwa zamu, kila moja kwa wiki nzima kabla ya kuipokea nyingine, katika safari yangu ya kila siku kutoka Mikindani hadi kazini Mtwara mjini na katika matembezi ya jioni ufukweni Shangani. Ya kwanza niliinunua kwa shilingi 3,000 kwa kijana anayezitundika kwenye mwavuli jirani na soko. Ya pili nilitoa shilingi 12,000 katika duka la vifaa vya simu, na ya tatu dada yangu aliniletea kutoka Kariakoo kwa shilingi 48,000, kiasi ambacho kwangu ndicho ukomo wa kile ninachoweza kukiita bei nafuu. Sitaji majina yaliyoandikwa kwenye maboksi yake, kwa sababu katika masoko yetu jina la kampuni kubwa hubandikwa juu ya bidhaa ambayo kampuni yenyewe haijapata kuiona, na msomaji atakayelifuata jina hilo anaweza kurudi nyumbani na kitu kingine kabisa. Namna ya kupima, kinyume chake, haighushiwi.

Wenzangu kazini wameniuliza kwa nini bado nashikilia waya wakati zile za Bluetooth zimejaa kila kibanda. Iafoni ya waya haihitaji kuchajiwa, na sauti yake haichelewi nyuma ya picha mtu anapotazama video. Hayo wengi wanayajua. Sababu yangu kubwa ni redio. Simu nyingi za bei ya kawaida zinazouzwa hapa zina redio ya FM ndani yake, na redio hiyo hutumia waya wa iafoni kama antena, kiasi kwamba ukiuchomoa waya simu nyingi hukataa kabisa kutafuta stesheni. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, watu wa Mtwara na Lindi wanataka kuzisikia bei siku hiyohiyo zinapotangazwa, na redio ya simu haiongezi hata senti moja kwenye gharama ya bando. Mjomba wangu aliyeko Newala hana haja ya kitu kingine chochote kutoka kwenye iafoni: anataka kusikia kilo imefika shilingi ngapi, na aisikie bila mikwaruzo.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni simu kuwa na tundu la kuchomekea iafoni. Kampuni ya Apple iliondoa tundu la milimita 3.5 katika iPhone 7 mwaka 2016, na watengenezaji wengine wengi wakafuata njia hiyo kwenye simu zao za bei ya juu, lakini simu nyingi za bei ya chini bado zinalo. Mwenye simu iliyobaki na tundu la chaji la USB-C peke yake hana budi kununua iafoni yenye pini ya aina hiyo au kiunganishi, na aulize mapema, kwa sababu viunganishi vinavyofanana kwa umbo havifanyi kazi kwenye kila simu.

Ndani ya iafoni za bei hii mara nyingi kuna kitu kimoja tu kinachotoa sauti. Kitu hicho kina sumaku ndogo, koili ya waya mwembamba, na kiwambo chepesi kilichoshikamana na koili hiyo. Umeme wa muziki unapopita kwenye koili, sumaku huivuta na kuisukuma, nacho kiwambo hutikisika pamoja nayo na kuusukuma upepo wa sikio. Aliyekulia karibu na wapiga ngoma wa Kimakonde ataelewa upesi kwa nini kiwambo ndicho chenye uzito wa mambo yote: ngozi iliyowambwa vibaya haiwezi kusemeshwa vizuri na mpigaji yeyote, na ndiyo maana ngoma huoteshwa moto kabla ya kuchezwa. Tofauti ni kwamba kiwambo cha iafoni hakioti moto. Kilivyotoka kiwandani ndivyo kitakavyobaki.

Hata hivyo, baada ya miezi minne nimeamini kwamba kwa mnunuzi wa kawaida jambo linaloamua ubora, kabla hata ya kiwambo, ni jinsi iafoni inavyokaa sikioni. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipojifunza mengi. Iafoni za ndani ya sikio hufanya kazi vizuri pale tu kipira chake laini cha nchani kinapoziba mlango wa sikio pande zote. Penye mwanya, hata uwe mwembamba kama uzi, sauti nzito hutorokea hapo, na kinachobaki ni sauti kali nyembamba inayochoma. Nilipoijaribu jozi ya tatu siku ya kwanza nilisikitika, nikaona fedha imepotea, kwa sababu gitaa la besi halikusikika kabisa na sauti ya mwimbaji ilikuwa kama inatoka kwenye kopo. Nilibadilisha vipira vya kati vilivyokuja juu yake nikaweka vikubwa, nikavuta sikio kwa juu kidogo huku nikikiingiza kipira, na wimbo uleule ukawa mwingine. Baadaye niligundua kwamba sikio langu la kulia linahitaji kipira kikubwa na la kushoto linatosheka na cha kati. Si ajabu mtu kuwa na masikio yasiyolingana, na hakuna sheria inayomlazimisha kutumia saizi moja pande zote mbili.

Jozi ya shilingi 3,000 ilikuja na saizi moja tu ya vipira, navyo ni vigumu. Kwa masikio yangu hukumu yake ilikwisha kutolewa hapo, ingawa binti wa jirani yangu mwenye masikio madogo aliivaa akasema haina tatizo. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu yeyote kwa uhakika kwamba jozi fulani ni nzuri kwake. Naweza kumwambia tu kwamba asinunue jozi isiyokuja na angalau saizi tatu za vipira, na kwamba akiivaa ajaribu kuzungumza. Sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani kana kwamba amejiziba masikio kwa vidole, kipira kimeziba sawasawa.

Kwa upande wa kusikiliza, muuzaji atakuchezea wimbo wake. Nilipokwenda kwenye duka la pili, kijana wa pale aliniambia, “Dada, chukua hii, besi yake inatikisa mpaka meno.” Nilimshukuru nikamwomba, “Kaka, naomba niichomeke kwenye simu yangu,” naye hakunikatalia, ila alifuta vipira kwa kitambaa kwanza, jambo ambalo kila muuzaji angepaswa kulifanya. Besi inayotikisa meno ndiyo niliyokuwa naiogopa. Iafoni nyingi za bei ya chini huongezewa sauti nzito ili zimshangaze mnunuzi kwa dakika mbili za majaribio, na uzito huo hufunika sauti ya binadamu, hata msikilizaji wa taarifa ya habari akajikuta anaongeza sauti ili ayatambue maneno.

Mimi hupima kwa vitu vitatu ninavyovijua kwa moyo. Huanza na maneno matupu, mtu anayezungumza bila muziki. Sauti yake inapaswa kukaa katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, basi ama kipira kimekaa vibaya au sikio moja la iafoni lina nguvu kuliko jingine. Hapo pia ndipo husikiliza herufi “s” na “sh”, ambazo Kiswahili kinazo kwa wingi, kwa kuwa iafoni mbaya huzifanya zipulize kama tairi linalotoka upepo. Pili ni taarabu ya zamani yenye ganuni, fidla na akodiani pamoja, nami huangalia kama ninaweza kuifuata ganuni peke yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kuipoteza. Kipimo changu cha mwisho ni rekodi ya ngoma ya sindimba niliyoichukua mwenyewe kwa simu kwenye sherehe ya jando huko Nanyamba. Nilisimama pale, kwa hiyo najua ngoma kubwa ilikuwa upande gani na ilisikikaje. Jozi ya kwanza ilizichanganya ngoma zote zikawa mngurumo mmoja. Ya pili ilizitenganisha vizuri, ila makofi ya wachezaji yalikuwa mbali. Katika jozi ya tatu nilisikia kwa mara ya kwanza bibi mmoja akiita jina la mjukuu wake nyuma ya ngoma, na nilirudia sehemu hiyo mara nne.

Kuhusu namba zilizo kwenye boksi, nitasema machache. Maandishi ya hezi (mitikisiko ya sauti kwa sekunde) 20 hadi 20,000 ni kiasi tu cha usikivu wa binadamu mwenye masikio machanga na mazima, na kila boksi huyabeba, la shilingi 3,000 na la shilingi 48,000. Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zikiwa 16 au 32 maana yake ni kwamba simu ya kawaida itaimudu iafoni hiyo bila msaada wa kifaa kingine. Zaidi ya hapo boksi halina la kukusaidia.

Uimara ni habari nyingine, na huku pwani una uzito wake. Iafoni haifi kwenye kiwambo, hufa kwenye shingo: pale waya unapoingia kwenye pini na pale unapoingia kwenye kichwa cha iafoni. Jozi ya kwanza ilinyamaza upande wa kulia katika wiki yake ya pili. Fundi simu alinitoza shilingi 2,000 kuirudisha, na nilisimama nikamtazama akichoma ncha za nyaya kwa kiberiti kabla ya kuziunga kwa risasi. Aliniambia nyaya hizo zimepakwa vanishi ya rangi, na asiyeiondoa vanishi hiyo anaunga bure. Tangu siku hiyo nimeacha kuuzungushia waya kwenye simu, kwa sababu tabia hiyo huikunja shingo ileile kila siku. Jozi ya tatu ina waya unaochomoka kwenye kila kichwa cha iafoni kwa pini mbili nyembamba, kama zilivyo nyingi za kampuni za China zinazotengeneza iafoni za bei ya wastani, mfano KZ, na hiyo maana yake ni kwamba waya ukifa hununui iafoni upya. Kwa bei ya ziada niliyolipa, huo ndio utetezi wenye nguvu kuliko wowote. Kasoro yake ni kwamba waya ukigusa nguo hutuma mkwaruzo hadi sikioni, hasa ninapotembea. Nimeipunguza kwa kuupitisha waya juu ya sikio na kuushusha nyuma ya shingo.

Jambo la mwisho ninalitilia mkazo kwa dhati, kwa kuwa naona vijana kwenye daladala ambao muziki wao unasikika mpaka siti ya nyuma. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki kama kipimo cha usikilizaji salama kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezwa juu ya hapo hukata muda huo nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10. Mngurumo wa injini na upepo wa dirishani humsukuma msikilizaji kupandisha sauti bila kujijua. Nikiwa na jozi ya kwanza katika barabara ya Mikindani nilihitaji vipande kumi na tatu vya sauti kati ya kumi na tano vya simu yangu ili niisikie taarifa ya habari; nikiwa na ya tatu, iliyoziba vizuri, saba vinatosha. Kwa ajili hiyohiyo ya kuziba, ninapovuka barabara au ninapopanda bodaboda huzitoa zote mbili, maana honi ya lori la korosho haipenyi kwenye vipira vile.

Jozi ya pili nimempelekea mjomba Newala kwa basi la Jumamosi, pamoja na vipira vyote vya akiba na maelezo ya kuvuta sikio. Alinipigia jioni yake akasema redio inashika vizuri akiwa amekaa chini ya mwembe, lakini ndani ya nyumba ya bati inakwaruza. Nimemwomba aunyooshe waya wote kando ya dirisha, asiukunje mfukoni, kisha anipigie tena. Ya tatu ninayo mimi. Wiki hii nimeona doa la kijani kwenye pini yake, chumvi ya Shangani bila shaka, nikalifuta kwa pamba yenye spiriti, na sasa hulala ndani ya kikopo chenye kifuniko badala ya dirishani.