Watu sita, chumba na sebule

Fundi wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, amepiga simu leo: boma la nyumba tunayojenga huko limefika kwenye lenta. Baba watoto anataka tukishapaua tu tuhamie, plasta na madirisha vitukute humo humo. Nami tangu mchana nawaza, maana watoto wetu wanne wote nimewalea kwenye chumba na sebule hapa Manzese, na moyo wangu hauko tayari kuondoka.

Nyumba tunayopanga ni ile ya Kiswahili, korido katikati na vyumba huku na huku, na uani ndipo pa kupikia, kuoga na kufulia kwa wapangaji wote. Humu ndani hakuna linalonipita. Kijana wangu wa darasa la tano akikwama kwenye hesabu najua kabla hajasema, kwa jinsi anavyoanza kuhema. Wakigombana, hawafiki asubuhi wamenuniana. Utamnunia vipi mtu mnayelala naye mzungu wa nne?

Ila faida ninayoishika kwa mikono miwili ni baba yao. Anafanya kazi Kariakoo, na tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, jioni nyingi tunakula naye. Anawakagulia madaftari, anajua rafiki wa kila mtoto. Wenzetu waliohamia kwao pembezoni mwa jiji wana vyumba vitatu na uwanja wa kufugia kuku, lakini baba anatoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Kwangu mimi ule si unafuu.

Lakini sasa binti yangu mkubwa ameingia kidato cha kwanza, na hapo ndipo sebule inaponishinda. Usiku tunasukuma meza ukutani, tunavuta godoro lililo chini ya kitanda chetu, tunafunga chandarua kwenye misumari miwili na kwenye mgongo wa kochi, kisha wanalala wote wanne, wavulana huku, wasichana kule. Binti anavalia bafuni, na sketi yake ya shule hufika ndani pindo limelowa. Siku zake zikifika, anasubiri wadogo zake wasinzie ndipo afungue mkoba wake. Hajawahi kulalamika. Ukimya huo ndio unaoniuma.

Na maradhi nayo. Mafua yakimwanza mmoja, wiki hiyo hiyo tunapokezana wote. Mpangaji mwenzetu alipogundulika na kifua kikuu, mhudumu wa afya alituhimiza tukapimwe na akasisitiza madirisha yawe wazi, kwa sababu vimelea vyake husambaa kwa hewa, na chumba chenye watu wengi kisichopitisha hewa ndicho kinachowafaa. Tulikuwa salama, nashukuru Mungu, lakini tangu hapo kikohozi cha usiku kinaniamsha.

UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, huhesabu kuwa kaya imebanana kupita kiasi watu wanapozidi watatu kwa chumba. Sisi sita kwa vyumba viwili tumesimama ukingoni kabisa. Mama mkwe akija kutoka Lushoto kwa matibabu, tunavuka. Tunampisha chumbani pamoja na wasichana, mimi nalala sebuleni na wavulana, na baba watoto anakwenda kujihifadhi kwa rafiki yake, maana hawezi kulala pazia moja na mama yake mzazi. Mama anaona yote hayo, na kila mara anaharakisha kurudi kwake kabla hajapona vizuri.

Kwa hiyo jioni hii nimesema. Nimemwambia baba watoto tusimamishe boma hapo lilipofika, tuchukue kile chumba cha mwisho koridoni alichohama kijana wa bodaboda, wasichana wawili wakae humo na kitasa chao. Chanika tuhamie watoto wakishapevuka kidogo, wakiwa hawahitaji tena baba wa kila jioni. Amenyamaza, kisha akauliza matofali yanyeshewe mwaka mzima?

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mgao wa kikoba ni mwisho wa mwezi, na kitakachopungua naomba kitoke kwenye hela ya mabati. Bado hajakubali. Ila kabla ya kulala ameniuliza kile chumba dirisha lake linatazama wapi, na kama nondo zake ni imara.