Bunduki Iliyoshuka Darini

Siku mbili kabla ya arobaini ya bibi tulimpandisha binamu yangu kwenye dari ya jiko akatafute mikeka ya wageni. Alishuka na mikeka mitatu na bunduki.

Alikuwa ameishika kama mchi, mdomo wa mitutu ukielekea mlangoni, na nje ya mlango akina mama walikuwa wameketi wanachagua mchele. Mama mdogo akapiga ukelele. Mimi nikasema neno moja tu, na mpaka leo nashukuru kwamba ndilo lililonijia kwanza: "Ilaze chini hapo hapo, iangalie ukuta, usiguse kitu." Akailaza. Tukatoka wote, nikafunga jiko kwa kufuli na ufunguo nikaufundika kwenye pindo la kanga. Chakula cha arobaini tulikipikia nje, juu ya mafiga, na lawama za moshi na upepo nilizisikia siku mbili mfululizo.

Kwamba babu aliwahi kuwa na bunduki tulikuwa tunajua. Kijiji chetu kiko Kilosa, kando ya mashamba ya mkonge, na enzi hizo nguruwe pori na nyani waliweza kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Babu alikuwa nyapara. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, meneja wake, Mgiriki, alifungasha akaondoka, na kabla ya kuondoka akamuuzia babu bunduki yake. Ilikuwa na kitabu cha leseni, na babu alikwenda wilayani kila mwaka kukigongesha muhuri, amevaa koti. Alifariki mwaka 1989. Bibi akatuambia serikali imekuja kuichukua, nasi hatukuuliza zaidi. Kumbe aliivingirisha kwenye gunia la katani akaipandisha juu ya jiko, moshi uizuie mchwa. Ilikaa huko miaka 33, sisi tukila ugali chini yake.

Usiku ule wazee walikaa. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba ni zito, na mjomba alilitoa mapema: ni mali ya ukoo, na yeye anamfahamu mtu Morogoro mjini atakayetoa laki tatu bila maswali mengi. Mwingine akasema itupwe mto Mkondoa. Mwingine, shimo la choo cha zamani. Binamu aliyeishusha alitaka ipakwe vanishi itundikwe sebuleni.

Nilifanya kazi ya ukarani katika mahakama ya wilaya miaka minne. Nimesikia mashtaka ya magobore yakisomwa kwa wanaume waliokamatwa wakitoka kuwinda swala, watu wasio na viatu vya maana. Kumiliki silaha bila leseni huambatanishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Niliwaambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Nikawaambia pia kwamba mtu asiyeuliza maswali leo, kesho akikamatwa atakuwa na majibu mengi, na la kwanza litakuwa jina la mjomba.

"Lakini mwanangu," mjomba akasema, "hicho ni chuma chakavu. Hata risasi hakina."

"Umetazama ndani, mjomba?"

Hakuwa ametazama. Hakuna aliyekuwa ametazama, na nilitaka ibaki hivyo.

Bahati yetu ilikuwa tarehe. Mwaka ule, 2022, serikali ilikuwa imetoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba: mwenye silaha isiyo halali aisalimishe kwa hiari, hatashtakiwa. Redio ilikuwa inalitangaza tangazo hilo katikati ya muziki, na mimi nilikuwa nikilisikia kama jambo la majambazi na watu wa mipakani. Sasa lilikuwa letu.

Hapa ndipo watu wengi wangekosea, na mimi nilikaribia. Binamu alikuwa tayari kuirudisha kwenye gunia, kupanda bodaboda na kuipeleka kituoni asubuhi. Ni kilomita 20 na ushei. Nikajiuliza: askari wakiisimamisha bodaboda hiyo njiani, watamkuta nani? Watamkuta kijana mwenye bunduki ndani ya gunia, kwenye pikipiki. Msamaha ni wa aliyesalimisha, na njiani huyu atakuwa bado hajasalimisha chochote. Atasema alikuwa anaipeleka polisi, kama wanavyosema wote.

Nikapiga simu kituoni. Aliyepokea akasema, kwa wema kabisa, "Ilete tu, dada, usiogope."

"Afande, nikikutana na wenzako barabarani nitawaambia nini?"

Kimya. Kisha: "Hebu subiri nikupe namba ya Polisi Kata."

Yule Polisi Kata alikuwa mtu wa aina nyingine. Aliniuliza maswali matatu: iko wapi, nani ameigusa, mlango umefungwa? Akasema nisiiguse, nisiipige hata kitambaa cha vumbi, na nimjulishe mwenyekiti wa kitongoji ili asisikie kwa majirani. Hilo la mwenyekiti ni la maana kuliko linavyoonekana. Kijijini habari ya bunduki haifichiki hata jioni moja, na ni heri ianzie kwako.

Alikuja siku ya pili baada ya arobaini, na askari mwenzake, pikipiki mbili, mtendaji wa kijiji akifuata kwa baiskeli. Nikafundua ufunguo mbele yao wote. Afande akachuchumaa, akaitazama kwanza bila kuishika, kisha akaiinua na kuipeleka mitutu pembeni, akaikunja katikati.

Mtutu wa kulia ulikuwa mtupu. Wa kushoto ulikuwa na risasi.

Ilikuwa ya zamani, ganda lake la karatasi, limevimba kwa unyevu mpaka likabana, halitoki kwa kucha wala kwa kisu. Nilimtazama binamu, nikakumbuka akina mama na ungo zao za mchele. Mjomba akakohoa, akatoka nje.

Hawakulazimisha kuitoa. Afande akang'oa kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu, akainua mitutu ikaachana na kitako, na hapo zikawa vitu viwili: mabomba mawili ya chuma upande huu, mbao na nyundo zake upande ule. Peke yake hakuna kilichoweza kufyatua. Alipoigeuza mitutu tukaona maandishi madogo ya mhuri kwenye chuma cha chini, mahali ambapo hayaonekani mpaka bunduki ifunguliwe. Nikaomba ruhusa ya kupiga picha, akaniruhusu.

Picha hiyo ndiyo iliyonieleza, baadaye, tulikuwa tumelala chini ya nini. Kulikuwa na alama ya nyumba ya kupima bunduki ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza kazi mwaka 1813: kila mtutu ulipigwa kwanza hapo kwa baruti nyingi kupita kawaida, ukihimili ndipo unapigwa mhuri na kuuzwa. Kulikuwa na namba 12, ambayo hutokana na hesabu ya zamani: gololi 12 za madini ya risasi zenye unene wa tundu la mtutu hutimiza ratili moja. Na kulikuwa na maneno NOT FOR BALL, yaani usitie gololi moja nzima, kwa kuwa mtutu umebanwa mdomoni. Maneno hayo yaligongwa kati ya mwaka 1875 na 1887 tu. Babu hakuwa amezaliwa. Mgiriki naye, nadhani, hakuwa amezaliwa.

Mitutu yenyewe ilikuwa na mistari kama ya ubao wa mninga, ambayo sote tuliidhani nakshi. Ni chuma na pua vilivyosokotwa pamoja kama ukili, kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani. Risasi ya kisasa ina baruti yenye nguvu ya namna nyingine, na mitutu ya hivyo huweza kupasuka mkononi. Mteja wa mjomba wa laki tatu sijui vidole vingapi angebaki navyo.

Kitabu cha leseni nilikipata kwenye sanduku la bibi, chini ya kanga zake za harusi, mhuri wa mwisho ukiwa wa mwaka 1988. Nilidhani kitatuokoa. Afande akalinganisha namba ya kitabuni na ya kwenye chuma, zikaenda sawa, akasema, "Hii ilikuwa leseni ya marehemu. Haimfuati mrithi." Lakini kitabu kilisaidia kwa njia nyingine: bunduki ikaandikwa kwa jina la mwenyewe, na historia yake, badala ya kuandikwa kwamba imeokotwa haijulikani ilikotoka. Yeyote mwenye mzee aliyekuwa na silaha, akitafute kitabu hicho kabla ya kutafuta mnunuzi.

Kisha karatasi. Walitaka kuondoka na ahadi kwamba hati itafuata. Nikasema, kwa adabu, chai iko tayari, na tutaisubiri hati tukiwa tunakunywa. Afande alicheka. Hakuwa na karatasi ya kaboni, kwa hiyo aliandika nakala mbili kwa mkono: aina ya silaha, mitutu miwili, namba, hali yake, risasi moja iliyokwama, tarehe, saa, na kwamba imesalimishwa kwa hiari. Mtendaji akagonga mhuri, mwenyekiti akatia saini kama shahidi. Mimi nilitia saini kama niliyetoa taarifa. Nafasi ya mwakilishi wa familia niliiacha wazi, nikamwita mjomba.

Alisoma hati yote, polepole. Akauliza itapelekwa wapi. Afande akamwambia itawekwa ghalani, kisha itateketezwa pamoja na nyingine. Mjomba hakuamini, akasema polisi wataiuza. Nikamkumbusha kwamba Kenya waliwahi kuchoma moto silaha zaidi ya 5,000 kwa mkupuo mmoja, pale Ngong, Novemba 2016, na nchi zetu hizi zilitia saini pamoja, Nairobi, mwaka 2004, kudhibiti silaha za namna hiyo. Akaguna. Akaomba aachiwe kitako, kumbukumbu. Haiwezekani. Akaomba mkanda wa ngozi wa kuvalia begani. Maafande wawili wakatazamana. Mkanda si silaha. Wakaufungua wakampa, na hilo nalo likaandikwa. Ndipo akatia saini.

Nilidhani tumemaliza. Tarehe 29 Oktoba, siku mbili kabla ya msamaha kwisha, mama mdogo alikuwa anagawa mbegu za bibi. Kwenye kopo la maziwa ya unga, ndani ya maharage, mkono wake ukagusa kitu cha duara, cha baridi. Safari hii hakupiga ukelele. Alifunika kopo, akaliweka katikati ya uwanja, akamfukuza kila mtu, akanipigia.

Afande alikuja peke yake. Akamimina maharage kwenye ungo taratibu, akazitenga risasi moja moja, vitako vyake vya shaba vimeota kutu ya kijani. Akahesabu mara mbili: saba. Akaandika karatasi nyingine kwa mkono, nakala mbili kama mara ya kwanza, na kabla ya kuwasha pikipiki akaniuliza kama nyumba ile ina dari nyingine.